Sultani Aliyeona Aibu Kula

Hapo zamani, zamani za watu kuvaa vilemba vizito kuliko vichwa vilivyovibeba, palikuwa na mji uitwao Kivumoni, na mtawala wake akiitwa Sultani Shekuwe. Sultani huyu hakuwa mkatili wala hakuwa mwema. Alikuwa na majivuno, basi, na majivuno yakishapanga nyumba hayataki mpangaji mwenzake. Katika mji ule mtu hakuulizwa hali kabla ya kuulizwa ukoo. Kila mwenye nyumba ya mawe alikuwa na babu aliyetoka mbali, na kadiri babu alivyotoka mbali ndivyo mjukuu alivyotembea polepole. Hata paka wa jumbani walisemekana asili yao ni Shirazi, nao wakikamata panya wale wale wa Kivumoni.

Kazi ya kuwatungia watu mababu ilikuwa ya Maalim Burhani, mwanachuoni wa Sultani, mtu mwenye shingo ndefu na ndevu alizozichana zaidi ya alivyosoma. Aliifanya kazi hiyo mpaka watu wakamwishia. Mji mzima ukawa wa masharifu, hata wezi wa kuku wakawa na nasaba ya kutundika ukutani. Alipokosa la kufanya, akaogopa kwamba Sultani atauliza huyu analipwa kwa lipi, basi akageukia maneno.

"Maulana," akasema siku moja barazani, "ulimi wako ni jumba. Yafaa mlango mmoja upitwe na waungwana pamoja na wasiojulikana baba zao? Niachie nichunguze ukoo wa kila neno litokalo kinywani mwako."

Mwenye akili angecheka. Sultani Shekuwe alilengwalengwa na machozi kwa furaha.

Ikawa kila asubuhi neno moja linaletwa barazani kama mshitakiwa. Maalim hulisomea nasaba, na mawaziri huitikia kwa vichwa. Kitabu likaonekana neno la heshima. Sahani, la heshima. Adabu, alhamdulillahi, likakutwa na babu na bibi. Siku ya siku likafika neno kula.

"Maulana," akasema Maalim, akilitamka kwa ncha ya midomo kama aliyeshika panya mkiani, "hili nimelitafuta Arabuni, nikalitafuta Ajemi, nikalitafuta Hindi. Halipo. Nikawasikiliza wapagazi washukao kutoka bara. Huyu asema kulya, yule kurya, mwingine kudya, na wote wapeleka mkono kinywani. Lina ndugu kila kijiji cha huko, na ng'ambo halina hata mjomba. Ni neno la porini, Maulana, limeingia mjini bila viatu."

"Astaghfirullahi!" akasema Sultani. "Nami nalisema tangu utotoni!"

"Hukujua, Maulana. Nimekutengenezea lingine kutokana na taamu, chakula kwa Kiarabu. Kuanzia leo wewe huli. Wewe wajitaamisha."

Sultani akalionja neno lile, akaliona tamu. Papo hapo ikapigwa mbiu ya mgambo kwamba atakayetamka kula mahali ambapo Sultani aweza kusikia, atafukuzwa mjini na kibanda chake kibomolewe.

Sasa tazama balaa! Neno lenyewe dogo, lakini kazi zake nyingi kama za mama mwenye watoto wachanga. Kadhi alitaka shahidi ale kiapo, akawaona walinzi wa Sultani wamemkodolea macho, akamwambia ajitaamishe kwa kiapo. Shahidi akauliza kama kuna mchuzi. Wacheza bao wakakaa mbele ya kete zao wakitazamana, maana bao bila kula ni kuhesabu mbegu tu. Mzee mmoja, aliyezoea kusifiwa kuwa amekula chumvi nyingi, akaambiwa amejitaamisha kwa chumvi, akarudi nyumbani akidhani ni ugonjwa. Waliofurahi walikuwa watu wa forodhani peke yao. Mji mzima ulijua kuwa wanakula rushwa, na sasa hapakuwa na mtu wa kuthubutu kuwasema. Wakaendelea nayo kwa raha zao.

Basi katika mji huo alikuwapo kijana mmoja fukara, jina lake Vuai, wenyewe wakimwita Vuai Pakacha. Walimwita hivyo kwa kuwa kitu hakikai ndani yake: ukimpa siri inavuja, ukimpa nguo anampa mwingine, na ukimtukana linapita chini hilo. Yeye akicheka na kusema, "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi." Mali yake ilikuwa kikoi kimoja na shangazi mmoja. Shangazi huyo, Bi Mize, alimchukua Vuai alipofiwa na wazazi, akamlea kwa karai lake la vitumbua karibu na lango la jumba.

Asubuhi moja msafara wa Sultani ukapita pale, na Bi Mize ndio kwanza ameepua vitumbua. Na mtu wa pwani, chakula kikiwa mbele yake na mwenziwe anapita, asipomkaribisha atalalaje? Hata adui hukaribishwa, naye akiwa na adabu hujibu "starehe" akaenda zake. Bi Mize akafunua kawa, akasema kama alivyosema maisha yake yote:

"Karibu, mwanangu! Njoo ule, vingali vya moto."

"Amelisema!" akapiga kelele Maalim Burhani, na kilemba kikamkaa upande. "Tena kwa Maulana! Tena kamwita mwanawe!"

Walinzi wakamwaga tui, wakamkamata bibi wa watu, wakamtia kizuizini ahukumiwe Ijumaa. Mashitaka yenyewe hakuyaelewa. Alipokuwa akivutwa alikuwa akiuliza, "Jamani, kwani ameshiba? Si angesema tu ameshiba?"

Habari zikamfikia Vuai kijiweni, na kwa mara ya kwanza kikamkaa kitu ndani kisivuje. Kilikuwa hofu. Wangemfukuza yeye, angejifunga kikoi chake akahamia mji mwingine huku akipiga mluzi. Lakini Bi Mize! Mumewe na wanawe wamezikwa Kivumoni, na kila Ijumaa huenda kuyafagia makaburi yao. Mwanamke yule ukimtoa hapo umemwua, ila umemwachia pumzi. Watu wakamshauri Vuai akamwangukie Sultani. Akakataa. Alijua kwamba mwenye majivuno ukimpigia magoti unamwongezea kimo.

Akaenda barazani, akakaa chini bila kualikwa.

"Ewe Pakacha," akasema Sultani, "umekuja kumtetea mchafuzi wa ndimi?"

"La, Maulana. Nimekuja kuona neno lililokosa baba. Mimi mwenyewe yatima, nikadhani huenda tukafahamiana."

Mawaziri wakaanza kucheka, wakakumbuka kumtazama Sultani kwanza, wakaacha.

Sultani akajipanga juu ya mito yake. "Sikiliza basi, yatima. Niletee asili ya neno hilo. Sitaki maelezo. Nataka kinywa chenyewe kilichokuwa cha kwanza kulisema, kije hapa mbele yangu, nikisikie kwa masikio yangu haya kikilisema. Ukikileta Ijumaa, shangazi yako atarudi kwenye karai lake. Usipokileta, mtapakiwa jahazini mvuke bahari pamoja, na mji huu hamtauona tena."

Mawaziri sasa wakacheka kwa ruhusa. Kinywa cha kwanza! Kama kilikuwapo, kimekuwa vumbi kabla mababu wa babu hawajazaliwa. Vuai akasubiri mpaka wakachoka.

"Nimekubali, Maulana. Ila naomba jambo moja. Nitakwendaje kutafuta kula, na sijui panapoishia kula na panapoanzia kujitaamisha? Nitakuletea chenye najisi nikidhani ni safi. Niruhusu nikuandikie sinia lako mpaka Ijumaa, nijifunze tofauti. Maalim hapa ataniongoza."

Maalim Burhani hupenda kuulizwa kama mbuzi apendavyo chumvi. "Uliza, mjinga."

"Mchukuzi wa bandarini, Maalim, akiletewa wali, aufanyaje?"

"Autafuna kama ng'ombe."

"Na Maulana, naye atafuna kama ng'ombe?"

"Hasha!"

"Kisha mchukuzi aumeza?"

"Aumeza, koo likimpanda na kushuka mbele za watu."

"Na koo la Maulana, nalo hupanda na kushuka?"

Maalim akamtazama Sultani. Sultani akainamisha kidevu ili koo lisionekane.

"Hasha wakalla!" akasema Maalim.

"Basi Maulana akijitaamisha hufanya nini? Nifundishe, nisije nikamvunjia heshima."

Hapo Maalim akaona ameingia mahali pembamba, na watu wote wanamtazama. Kurudi nyuma ilikuwa kumwambia Sultani mbele ya mji kuwa hutafuna kama mchukuzi. Akasonga mbele. "Huletewa," akasema. "Hufunuliwa. Hunusa. Hushukuru. Hunawa. Waungwana wa kale hawakuzidisha hapo."

"Maulana amesikia?" akauliza Vuai.

Sultani alikuwa ametoka kwenye mkate wa mofa na mchuzi wa kuku asubuhi ile ile, tumbo limemjaa, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa hata kama mwenye njaa huyo ni yeye mwenyewe wa kesho. "Ndivyo hasa," akasema. "Na iwe hivyo jumbani kote mpaka Ijumaa, watu wajue sisi ni nani."

Adhuhuri masinia yakaja. Vuai akafunua kawa la kwanza, na mvuke wa biriani ukapanda. "Maulana, nusa." Sultani akanusa. Vuai akafunika. Akafunua la pili, kuku wa kupaka. "Nusa, Maulana." Akafunika. Samaki, wali wa nazi, maandazi, vyote vikafika puani vikaishia hapo. Kisha likaja birika na beseni, Sultani akanawa mikono iliyokuwa safi, akanyunyiziwa marashi.

"Alhamdulillahi!" akatangaza Vuai. "Maulana amejitaamisha!"

"Mashallah!" wakaitikia mawaziri, kila mmoja akijua nyumbani kwake kumepikwa nini.

Masinia yakapelekwa kizuizini pamoja na kisa chake cha kunuswa, kwa kuwa chakula hakitupwi. Wafungwa wa Kivumoni hawakuwahi kumwombea Sultani dua kama siku zile. Bi Mize peke yake chakula hakikumpita kooni. Alikaa na sahani ya biriani magotini, akiuliza nani atafagia makaburi.

Jioni Sultani alidhani mzaha umekwisha. Haukuwa umekwisha. Akafunuliwa, akanusa, akanawa. Asubuhi vivyo hivyo. Na kusema hakuweza, maana ameamuru barazani, na tena tangu lini muungwana akasema ana njaa? Anayesema ana njaa ni mtu wa sokoni. Msiniambie kwamba aliizoea njaa kwa Ramadhani. Sultani Shekuwe kila mwezi ule ukiandama alipatwa na safari au na tumbo, akatoa fidia, akalala. Njaa ilikuwa ngeni kwake, na mgeni huyu hakuona haya kukaa juu ya kitanda cha mwenyeji.

Akaenda ndani kwa mkewe, Mwana Shufaa, akitumaini. Mkewe akampokea kwa heshima kubwa, akamfunulia bakuli, akamnusisha, akalifunika. "Amri yako ni amri, bwana wangu," akasema, na nyuma ya pazia mjakazi akafukia muhogo wa kuchoma jivuni usije ukamtia bwana kishawishi. Kahawa haikukatazwa, basi Sultani akanywa kahawa, kikombe juu ya kikombe, na kahawa katika tumbo tupu ni fitina tupu.

Alhamisi akaona Vuai amegeuza uso, mkono ukamponyoka ukalidaka paja la kuku.

"Maulana!" Vuai akapiga ukelele uliosikika uani. "Heshima yako! Koo lako limekaribia kupanda!"

Mawaziri wote wakageuka. Sultani akalirudisha paja lile siniani kana kwamba alikuwa akilipapasa tu. Usiku ule hakulala. Maalim Burhani alilala fofofo. Kila alasiri alikuwa akipotea vichochoroni, na kila alipotokea ndevu zake zilikuwa na mng'aro ambao hautoki kitabuni.

Ijumaa ikafika. Watu wakatoka msikitini wakaja moja kwa moja barazani, hata wasio na shughuli, hasa wasio na shughuli. Bi Mize akaletwa. Alikuwa amejifunga kanga yake vizuri kama mtu anayekwenda mazikoni, na mazishi yalikuwa yake.

"Kinywa kiko wapi?" akauliza Sultani. Sauti ilitoka nyembamba.

"Kipo njiani, Maulana. Ila kesi haina shahidi. Shangazi yangu alishitakiwa yeye na karai. Karai lisipokuwapo, watu watasema umeonea."

Sultani hakutaka watu waseme. Karai likaletwa, na meko yake, na moto, na bakuli la unga uliokwisha umuka. Bi Mize akaviona vitu vyake. Mikono yake haikumwuliza mtu, ikaanza kazi. Mafuta yakalia. Nazi na iliki zikapanda, zikaingia barazani, zikapita katikati ya mawaziri bila kuomba ruhusa, zikamwendea Sultani mitoni mwake.

Baraza likanyamaza. Na ndani ya kimya kile pakasikika mngurumo mrefu, ukaanzia chini, ukapanda, ukaishia kwa kilio chembamba. Watu wakatazama juu kama mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe.

"Hodi hiyo, Maulana," akasema Vuai. "Nilikuambia kipo njiani."

Mngurumo ukarudia. Sultani akajishika tumbo kwa mikono yote miwili. Hapo Bi Mize akainua macho kutoka kwenye karai, akamtazama. Siku zote zile watu walimsifu Sultani na hapakuwa na aliyemtazama.

"Maulana," akasema, "mbona umekonda hivi? Nani anakutunza, baba? Mashavu yako yamekwenda wapi?"

Loo! Sultani Shekuwe, wa ukoo uliotoka mbali kuliko koo zote, midomo ikamtetemeka kama ya mtoto aliyepotezana na mamake sokoni.

"Nina njaa, mama!" akalia. "Nina njaa! Nataka kula! Nipeni nile!"

Akashuka mitoni bila viatu, akachuchumaa mbele ya karai, akachukua kitumbua kwa mkono wake mwenyewe. Akatafuna, mashavu yakajaa. Akameza, na koo likapanda na kushuka mbele ya mji mzima. Akachukua kingine, na kingine, mafuta yakimtiririka mpaka kiwikoni, na mwisho akacheua, kucheua kwa mchukuzi aliyetua mzigo.

Vuai akasimama. "Maulana, ulitaka kinywa cha kwanza kilichosema kula, nikilete mbele yako ukisikie kwa masikio yako. Umekisikia. Mwenye neno hili ni mwenye njaa. Hakutoka Shirazi wala Ajemi. Hutokea popote penye tumbo, na ndiyo maana ndugu zake wamejaa bara yote. Maalim alitafuta baba wa neno, na mama yake alikuwa akinguruma humu humu barazani." Kisha akainamisha kichwa. "Limebaki jambo la sheria. Mbiu ilisema atakayelitamka afukuzwe mjini. Jahazi liko tayari. Nani anapanda?"

Sultani alikuwa na kitumbua nusu mkononi na nusu mdomoni. Akamtazama Vuai, akamtazama Bi Mize, akajitazama miguu yake iliyo tupu juu ya mchanga. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kikaja kicheko, kwanza kidogo cha mtu anayeomba radhi, kisha kikubwa, akacheka mpaka akapaliwa, Bi Mize akampiga mgongoni.

"Mbiu imekufa," akasema alipopata pumzi. "Mama huyu haendi popote. Wewe Pakacha, umeniaibisha, na umenilisha. Chagua chochote. Nikuvishe kilemba?"

"Ahsante, Maulana. Kichwa changu kinasimama chenyewe. Nipe ruhusa nimpeleke shangazi makaburini, Ijumaa isije ikapita."

Maalim Burhani alikuwa amesimama kando akipima upepo. Alipoona Sultani anacheka, akajipenyeza mbele na mikono juu.

"Allahu akbar! Nimefunuliwa, Maulana! Neno kula sasa lina ukoo! Limetoka kinywani mwa Sultani mwenyewe. Hapana neno tukufu kuliko hilo, na leo hii nitaanza kuliandikia nasaba!" Na huku akisema hivyo, macho yake yalikuwa karaini, ambamo kitumbua cha mwisho kilikuwa kikigeuka rangi ya dhahabu.

Bi Mize alimwona. Naye, mtu wa pwani, hakuweza kumwacha asimame hivyo bila neno.

"Karibu, Maalim," akasema.

"Ahsante, mama, ahsante," akasema Maalim, akanyoosha mkono.

Bi Mize akakiepua kitumbua, kinatoka moshi, akakiweka sahanini. Akakisogeza mpaka chini ya pua yake iliyo ndefu, akakiacha hapo kitambo kidogo. Kisha akakifunika kwa kawa.

"Mletee maji mwanachuoni anawe," akamwambia Vuai. "Amekwisha jitaamisha."

Mji mzima ukaangua kicheko, Sultani akiwa wa kwanza. Kitumbua kile kikaliwa njiani na Vuai na shangazi yake, nusu kwa nusu, wakienda makaburini na fagio. Na tangu siku hiyo Kivumoni, mtu akianza kujisifia ukoo, husikia sauti nyuma yake ikimwuliza kama ameshakula. Hekaya yangu imefika kizingitini, mimi siivushi. Mwenye njaa na aseme, na mwenye chakula asisahau kukaribisha.